Damu ya Kuazima

Mwaka 1838 kijana mmoja wa Port Louis, kisiwani Morisi, aliwasili Paris na miswada yake ya fasihi. Babaye, nahodha wa Kimarekani, alikuwa amekwisha potelea baharini kabla mtoto hajazaliwa mwaka 1817. Mamaye akamlea kwa kazi ya kushona. Kijana huyo, Charles-Édouard Brown-Séquard, alimpelekea maandishi yake mwandishi mashuhuri Charles Nodier, na Nodier akamshauri aache na atafute kazi ya kumpa riziki. Wako wengi walioambiwa hivyo wasisikie. Huyu alisikia, akaingia katika masomo ya tiba.

Swali lililomkaa moyoni lilikuwa hili: kiungo kilichokosa damu hata kikakakamaa, je, kimekufa kweli? Alimfunga sungura mshipa mkuu upelekao damu miguuni. Miguu ya nyuma ikawa mikavu kama ya mzoga. Alipoufungua mshipa, damu ikarudi, na miguu ikalegea, ikajikunja tena. Basi Juni 1851 akathubutu kuliuliza swali lile lile juu ya maiti ya mtu. Kijana mmoja alikuwa amekatwa kichwa kwa gilotini, na mkono wake umeshakakamaa. Damu ya binadamu ingetoka wapi? Brown-Séquard alijitoa mwenyewe, yapata nusu ratili, akaipiga hata zikatoka nyuzi zinazoigandisha, kisha akaiingiza kwa bomba katika mshipa wa mkono ule. Ukakamavu ukaondoka taratibu. Misuli iliyokuwa kama ubao ikawa inashtuka inapochokozwa. Mtu yule hakurudi, wala hakuna aliyetaraji arudi. Lakini ilithibitika kwamba viungo vya mwili havifi vyote kwa saa moja, na kwamba uhai wa kiungo unaweza kuazimwa kwa damu ya mwingine.

Mkono wa mtu, hata hivyo, huchoka kusukuma bomba, na damu iliyokaa nje ya mapafu huwa nyeusi, haina hewa. Mwaka 1885, mjini Leipzig, Max von Frey na Max Gruber waliunda chombo kilichotatua mambo yote mawili: damu ilitandazwa kama utando mwembamba ndani ya silinda inayozunguka ili inywe hewa, kisha ikasukumwa kwa mashine kwenye misuli iliyotengwa na mwili. Ugunduzi wa heparini mwaka 1916 uliondoa adha ya kuganda. Mei 1953, huko Philadelphia, John Gibbon alifanikiwa kumpasua msichana moyo huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu.

Miaka minne baadaye, New Orleans, Oscar Creech na Edward Krementz walikirudia kiungo. Mzee wa miaka 76 alikuwa na melanoma iliyotapakaa mguuni. Walifunga mishipa ya paja, wakaunga mguu na mashine, na kuuzungushia dawa ambayo kwa wingi ule ingemdhuru mwili mzima. Badala ya kukatwa mguu, mzee aliishi miaka mingine 16.

Hapo ndipo panya anapoingia, na anaingia amechelewa. Mwaka 1992 madaktari wa Ulaya, akiwamo Ferdy Lejeune, walieleza kwamba walichanganya dawa iitwayo melfalani na TNF, kemikali ambayo mwili huitoa wenyewe, na uvimbe ukayeyuka kwa namna isiyotarajiwa. Kwa nini? Binadamu hawezi kukatwa vipande ili sababu ionekane. Huko Rotterdam kikajengwa chombo cha panya, na ugumu ukageuka: si nguvu tena, bali udogo. Panya wa gramu 250 ana damu mililita 16 hivi. Mashine ya binadamu ingeinywa yote katika mipira yake na kubaki na kiu. Kwa hiyo mrija ulipaswa kuwa na tundu lisilofika nusu milimita, kitangi kiwe cha mililita chache, na pampu, inayoubinya mpira kwa magurudumu yake, ipitishe mililita 2.4 tu kwa dakika. Kila kipovu cha hewa ni hatari, na kila tone linalovuja kuelekea mwilini huharibu hesabu.

Walichokiona ni kwamba TNF peke yake haikuufuta uvimbe; kazi yake ilikuwa kuifungua mishipa ya uvimbe, melfalani ikaingia kwa wingi mara kadhaa kuliko kawaida. Mwaka 1999 Ulaya iliidhinisha TNF kwa sarkoma za tishu laini za mikono na miguu.

Zoezi lenyewe lilichukua nusu saa, mguu ukipashwa nyuzi 38 hadi 39. Kisha mirija ikatolewa na mishipa mikubwa ya paja ikafungwa kabisa, kwa kuwa panya ana mishipa mingine midogo ya kuulisha mguu. Siku zilizofuata uvimbe ulipimwa kwa kalipa. Mguu wenyewe ulipimwa kwa macho: mtafiti alimwachia panya akamtazama kama anaukanyagia au anauburuta.