Tusiifute 'hori' katika kisa cha Krismasi

Jina Kengeleni, kule Kisauni, latokana na kengele ya Freretown, makao yaliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1875 kwa waliokombolewa utumwani. Kwa watu waliong'olewa kwao, kisa cha mtoto mchanga aliyekosa nafasi katika nyumba ya wageni hakikuhitaji maelezo mengi.

Leo yahitajika. Biblia ya Muungano ya 1952 yasema mtoto alilazwa katika hori. Sasa mtajie mtoto wa Likoni 'hori', huenda akadhani ni mtumbwi, au mkono wa bahari. Je, tuseme 'kitanda' yaishe? La! Naona heri tumweleze: hori hii ni chombo cha kulishia ng'ombe. Ukiliondoa neno hilo, umeuondoa ufukara. Na bila ufukara, kisa chenyewe kimebaki na nini?