Manufaa ya Umma: Maana ya Istilahi na Anayeyalipia

Katika istilahi za elimu ya uchumi zilizotiwa katika lugha yetu kwa haraka, ni chache zilizowatatiza wasomaji kama hii ya "bidhaa za umma", ambayo hutumiwa darasani na katika mihadhara kana kwamba shauri lake limekwisha kukatwa, ilhali neno lake la kwanza linalipinga la pili. Bidhaa, tangu zama za majahazi ya Lamu na Mombasa hata leo katika soko la Gilgil, ni kitu cha biashara: kina mwenyewe, kina bei, kinaweza kufungiwa ghalani, na asiyetoa thamani yake hakipati. Lakini kile wanachokikusudia wanachuoni wa uchumi kwa istilahi hii ni kinyume cha hayo yote.

Paul Samuelson, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1954, alieleza kwamba viko vitu ambavyo mtu mmoja akivitumia havimpungukii mwenziwe hata chembe; na waliomfuatia, hususa Richard Musgrave, wakatia mkazo sifa ya pili, kwamba vitu hivyo aghalabu haiwezekani kumzuia asiyelipa asivitumie. Taa ikiwashwa usiku penye njia panda humwangazia mchuuzi anayefunga kibanda chake, na abiria anayeshuka kwenye matatu, na mpita njia asiye mwenyeji wa mahali pale. Wala nuru anayoipata mmoja haimtii mwingine gizani. Kadhalika maradhi ya kuambukiza yakizuiwa kwa chanjo, amani inayopatikana humfikia hata yule aliyemficha mwanawe siku ya chanjo. Sifa hizo mbili, kutopungua na kutozuilika, ndizo zinazomfukuza mfanyabiashara, maana hawezi kumdai malipo mtu ambaye yeye hawezi kumnyima. Na ndizo zinazomzaa mdoezi, yule anayeketi penye karamu asiyoichangia, kwa sababu anajua kwamba achangie asichangie atakula. Wadoezi wakiwa wengi, karamu haiwi. Hapo ndipo serikali inapopata hoja yake ya kutoza kodi kwa nguvu ya sheria, badala ya kungojea hisani.

Kwa hiyo naona tafsiri iliyo sawa ni "manufaa ya umma". Neno manufaa halina bei ndani yake. Lina faida inayomfikia mtu, awe ameinunua au hakuinunua. Watu wa pwani walikuwa na jambo lenyewe kabla ya istilahi: tajiri aliyechimba kisima akakifanya wakfu, au aliyeacha nyumba ili kodi yake itengeneze msikiti na birika lake, alikuwa akitoa manufaa ya umma na kuyawekea chemchemi ya fedha isiyokauka, maana mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Wako wanaopendelea "mali ya umma", nami siikatai inapohusu magari, majengo na viwanja. Lakini usalama wa watu dhidi ya kipindupindu si mali, wala haukabidhiwi mtu kwa ufunguo. Na "huduma za umma" ni jina la kazi inayofanywa na watumishi, si la faida inayotokana nayo. Tena kutoa si lazima kuwe kutengeneza: mkandarasi anaweza kuijenga barabara kwa mashine zake na vijana wake, na bado mtoaji akawa serikali, kwa kuwa ndiyo iliyoamua, ikalipa, na itakayoulizwa.

Sasa nampeleka msomaji Kariandusi, mahali padogo kandokando ya barabara kuu baina ya Gilgil na ziwa Elementaita katika Kaunti ya Nakuru, kwa sababu pale, katika mwendo mfupi wa miguu, mtu huona namna manufaa ya umma yanavyotofautiana kwa upana wa duara lake, na namna tofauti hiyo inavyoamua ni serikali gani ibebe mzigo. Wallace Oates, katika kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya fedha za serikali za shirikisho, alishikilia kwamba kila faida yafaa itolewe na utawala ambao mipaka yake inalingana na eneo la wanaofaidika; nayo Katiba ya Kenya iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iligawa kazi baina ya serikali ya taifa na kaunti 47 katika Jedwali lake la Nne, kwa mantiki iliyo karibu sana na hiyo.

Chukua kwanza mabaki ya kale ambayo kwayo jina la Kariandusi limeenea duniani. Louis Leakey na wenziwe walifukua hapa, mwishoni mwa miaka ya 1920, mashoka ya mkono yaliyochongwa kwa mawe meusi ya kioo cha volkeno, kazi ya viumbe walioishi yapata miaka milioni moja iliyopita kando ya ziwa lililokuwa kubwa kuliko la leo. Manufaa ya kuyahifadhi mawe hayo hayaishi Gilgil. Ni ya taifa, na kwa hakika ni ya wanadamu wote. Ndiyo maana Jedwali la Nne limeweka makumbusho ya kale yenye umuhimu wa kitaifa mikononi mwa serikali ya taifa, nayo Makumbusho ya Taifa ya Kenya ndiyo inayopatunza. Lau kazi hiyo ingeachiwa kaunti peke yake, diwani mwenye kijiji kisicho na maji angekuwa na haki ya kuuliza kwa nini alipie urithi wa ulimwengu kabla ya kiu ya jirani yake, na katika kuuliza hivyo asingekuwa mjinga hata kidogo.

Barabara kuu inayopita hapo nayo ni ya taifa, maana inabeba shehena ya Mombasa kwenda Uganda na Rwanda, na matengenezo yake hutokana kwa sehemu kubwa na tozo inayokatwa katika kila lita ya petroli na dizeli, ambayo mwezi wa Julai 2024 ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25. Hapa iko nukta ya kutazamwa kwa makini. Mradi wa kuipanua barabara hii kutoka Rironi hadi Mau Summit umekusudiwa ulipiwe kwa ada za wapitao; na siku kizuizi cha malipo kitakapoinuliwa mbele ya aliyelipa na kushushwa mbele ya asiyelipa, barabara ile itakuwa imeipoteza sifa ya kutozuilika, na kwa kiasi hicho itakuwa bidhaa kwa maana halisi ya neno. Sisemi kwamba jambo hilo ni haramu. Nasema tu kwamba raia anastahili aambiwe waziwazi kwamba kitu kimebadilika jinsi, si bei peke yake.

Lakini njia za udongo zinazotoka katika barabara kuu kuelekea mashambani, na zahanati, na shule ya chekechea, na josho la ng'ombe, na mfereji wa maji ya mvua, na soko, na zimamoto, zote ni kazi za kaunti. Duara la faida yake ni dogo, na anayekaa karibu ndiye anayejua ni daraja lipi linalozama masika. Duara hilo, hata hivyo, halikai kimya ndani ya mpaka uliochorwa. Hospitali kuu ya Nakuru mjini, ambayo wenyeji bado huiita PGH kwa jina lake la zama za mikoa, hupokea wagonjwa wa Baringo, wa Nyandarua, wa Narok. Na mlipa ushuru wa Gilgil anamtibu, bila ya kujua, mgonjwa asiyechangia hazina yake. Kwa ajili hiyo serikali ya taifa ilikuwa ikitoa ruzuku yenye masharti kwa hospitali za daraja hilo, mpaka mwaka wa fedha wa 2021/22 ilipochanganywa na mgao wa jumla. Nami naona kwamba kuichanganya kulikuwa kosa, kwa kuwa fedha iliyokuwa na jina la mgonjwa wa jirani sasa haina jina, na yasiyo na jina katika bajeti huliwa kwanza.

Twende kwenye malipo. Kaunti zina mlango mwembamba wa kutoza: kifungu cha 209 cha Katiba kinaziruhusu kutoza kodi ya ardhi na majengo, kodi ya maburudani, na ada za huduma zinazotolewa, ndipo zinapotokea leseni za biashara, malipo ya kuegesha magari, na ule ushuru wa soko ambao mama mwenye mboga hulipa akapewa stakabadhi kabla hajauza fungu la kwanza. Kodi ya mapato, kodi ya ongezeko la thamani, na ushuru wa forodha ni za taifa. Kwa hiyo kaunti huishi kwa mgao. Kifungu cha 203 kinaamuru kwamba kaunti zote kwa jumla zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, yakihesabiwa kwa mahesabu ya karibuni yaliyokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Na kwa kuwa uidhinishaji huo hukawia, asilimia hupimwa kwa mapato ya miaka iliyopita, yaliyo madogo kuliko ya leo. Mwaka wa kwanza wa serikali hizi, 2013/14, zilipewa shilingi bilioni 190; mwaka 2021/22 bilioni 370; na mwaka 2025/26 bilioni 415.

Namna ya kuzigawanya baina ya kaunti hupendekezwa na Tume ya Ugavi wa Mapato na kuamuliwa na Seneti, na hapo ndipo pana mjadala mkali kuliko wote. Kanuni ya kwanza iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45, mgao sawa 25, umaskini 20, ukubwa wa eneo 8, na nidhamu ya fedha 2. Kanuni ya tatu, ambayo mwaka 2020 ilizifanya kaunti zingoje fedha wakati maseneta wakivutana kikao baada ya kikao, iliipunguza idadi ya watu hadi 18 na kuitambua afya kwa 17 na kilimo kwa 10, yaani ilianza kupima manufaa yenyewe badala ya kuhesabu vichwa tu. Kwa kanuni hiyo Nakuru, yenye watu zaidi ya milioni mbili kwa sensa ya 2019, ilipata takriban shilingi bilioni 13 kwa mwaka, ya pili baada ya Nairobi. Fedha hizo huingia katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, wala hazitoki bila ya idhini ya Msimamizi wa Bajeti.

Kariandusi kuna pia machimbo ya daiatomaiti, udongo mweupe mwepesi wa viumbe vidogo vya ziwa la kale, unaotumika kuchujia. Sheria ya Madini ya 2016 imegawanya mrabaha wa madini mafungu matatu: asilimia 70 kwa taifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii inayokaa machimboni. Kumi hiyo ni ndogo, lakini ina maana kubwa, kwa sababu vumbi na mashimo ni madhara ya umma, ndugu pacha wa manufaa ya umma, na anayeyavuta kwa mapafu yake ni wa hapo hapo.

Mambo haya hayakuanza 2010. Katiba ya uhuru ya 1963 iliweka majimbo, Nakuru ikiwa makao ya jimbo la Bonde la Ufa. Jamhuri ilipotangazwa tarehe 12 Desemba 1964 yakavuliwa uwezo, na mwaka 1969 sheria ikazihamisha elimu ya msingi, afya na barabara kutoka kwa halmashauri za mashambani kwenda serikali kuu. Kwa muda wa miaka zaidi ya arobaini, basi, mtu wa Gilgil aliyetaka daraja alilazimika kumwomba mtu wa Nairobi.

Na katika kuomba huko ndimo lilimozaliwa neno ambalo Wakenya hulitumia hasa kwa jambo tunalolijadili, nalo si bidhaa wala manufaa, ni "maendeleo". Husemwa: mheshimiwa ametuletea maendeleo. Tumeletewa barabara, tumeletewa maji, tumeletewa taa. Sarufi ya sentensi hiyo inaniuma kuliko kosa lolote la tafsiri, maana ndani yake raia ni mpokeaji na kiongozi ni mletaji, na mlipaji hatajwi. Vivyo hivyo neno "bure". Tarehe 1 Juni 2013 ada za wagonjwa ziliondolewa katika zahanati na vituo vya afya vya serikali, jambo jema lililowaokoa wengi. Lakini pengo la ada hizo lilizibwa kwa ruzuku iliyotoka katika kodi, na kodi ile ilitoka katika sukari, katika nauli, katika mshahara wa mwalimu. Matibabu yale yalikuwa yamelipiwa kabla mgonjwa hajaugua, naye alikuwa mmoja wa waliolipa.

Penye miradi ya serikali husimamishwa mabango yenye jina la mradi, la mkandarasi, na aghalabu picha ya mkubwa. Ningependa bango la kila kisima na kila zahanati katika kaunti liandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka, picha iondolewe, na mahali pake paandikwe fungu la bajeti lililolipa, mwaka wa fedha, kiasi kilichotengwa, kiasi kilichokwisha kutumika, na ni kiasi gani kilitoka katika mgao wa taifa, na kiasi gani katika ushuru wa hapa hapa. Na mwezi wa Aprili, makadirio ya mwaka ujao yanapofikishwa mbele ya bunge la kaunti, mwenyeji wa Kariandusi aje na namba zile mkononi aulizie daraja lake.