Makaa ya Mawe na Marafiki wa Taebaek
Tamthilia za Kikorea zimetuzoesha kuamini kwamba urafiki wa vijana huchipua katika mji mdogo uliotulia: milima, kituo cha basi, wanafunzi wanne wasioachana. Historia ya Taebaek, katika mkoa wa Gangwon, inasema vingine. Mji huo, uliopewa hadhi ya jiji mwaka 1981 miji midogo ya Jangseong na Hwangji ilipounganishwa, haukuwa na utulivu wowote. Mgodi wa makaa ya mawe wa Jangseong ulifunguliwa mwaka 1936, enzi ya ukoloni wa Japani. Baada ya Vita vya Korea wachimbaji walimiminika kutoka kila pembe ya nchi, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 wakazi walikaribia 120,000. Watoto wao hawakuwa wa ukoo mmoja, kama ilivyokuwa katika vijiji vingi vya zamani. Walikutanishwa na nyumba za kampuni, zilizopangwa safu kwa safu na kubanana kiasi cha kikohozi cha jirani kusikika ukutani, kisha wakakutanishwa na shule.

Nguvu ya shule ndiyo inayosahauliwa. Mtihani wa kuingia sekondari ya chini ulipoanza kufutwa mwaka 1969, watoto wa rika moja walianza kupanda madarasa pamoja kwa wingi usiokuwapo awali. Na nchini Korea, ambako tofauti ya mwaka mmoja hubadilisha hata namna ya kumsemesha mtu, anayelingana nawe umri ndiye unayeweza kuongea naye bila itifaki. Atasema mtu kwamba Confucius aliusifu urafiki karne nyingi kabla ya shule hizo. Kweli, lakini watoto wa wakulima walikuwa shambani, si kwenye vitabu vyake. Pingamizi kwamba ushindani wa mitihani uliwatenganisha wanafunzi lina uzito zaidi. Hata hivyo, washindani hao walikaa chumba kimoja wakijisomea mpaka usiku, wakila pamoja na kulalamika pamoja.

Utulivu ulikuja baadaye, nao ndio uliowatawanya. Kuanzia mwaka 1989 serikali ilisimamia ufungaji wa migodi isiyo na faida, familia zikahamia miji ya viwanda, shule zikapungukiwa wanafunzi. Leo wakazi hawafiki 40,000, na mgodi wa Jangseong wenyewe ulifungwa mwaka 2024. Huenda wanafunzi wachache waliobaki wanajuana zaidi kuliko wazazi wao walivyojuana, ila hawana wengi wa kuchagua miongoni mwao.