Fundi wa Simu na Siri za Watu

Barua ina bahasha. Habari ipitayo kwa simu haina bahasha: inapita mikononi mwa fundi. Wazee walisema: Siri ya mtungi aijuaye kata. Katika simu, kata ni fundi. Kwa hiyo tangu mwanzo watu waliulizana: Fundi huyu tumfundishe nini? Kazi ya mikono tu, ao na jambo lingine? Tutazame historia inavyojibu.

Minara ya Ufaransa

Mwaka 1794 Claude Chappe alimaliza mstari wa minara toka Paris mpaka Lille. Juu ya kila mnara palikuwa na mikono mikubwa ya mbao. Mlinzi aliutazama mnara wa jirani kwa darubini, akaigeuza mikono ya mnara wake vilevile. Hivyo habari iliruka mnara kwa mnara, bila waya wala umeme. Walinzi hawakujua maana ya alama zile. Wakubwa peke yao walikuwa na kitabu cha kuzifasiria. Serikali ikafikiri: Siri imelindwa.

Kumbe, sivyo! Mjini Bordeaux walikuwako ndugu wawili, François na Joseph Blanc, waliofanya biashara ya hati za deni la serikali. Bei zake zilitoka Paris, nazo zilichukua siku kadhaa kufika kwa gari la farasi. Aliyezijua mbele ya wengine alipata faida kubwa. Basi, ndugu hao walimhonga mtu wa simu mjini Tours, katikati ya njia. Mwenzao wa Paris alimpelekea yule mtu kifurushi cha kumjulisha kama bei imepanda ao imeshuka. Naye alitia alama moja ya uongo katika habari za serikali, kisha akatia alama nyingine ya kusema: Ile iliyotangulia ifutwe. Alama zote mbili zilisafiri mnara kwa mnara. Mjini Bordeaux mfasiri alifuta kosa bila kushuku neno, lakini mtu wa akina Blanc alikuwa amekwisha kuliona mnarani.

Wizi huo uliendelea tangu 1834 hata 1836. Hakuna mnara uliovunjwa, hakuna kitabu kilichoibiwa. Mlango waliopitia ulikuwa moyo wa mtu mmoja. Naye alipougua, alimfunulia rafiki yake jambo lile, na hivyo likajulikana. Mwaka 1837 ndugu wale walishtakiwa, lakini hawakufungwa, kwani hakukuwa na sheria iliyokataza jambo la namna hiyo. Mwaka uleule sheria ikatungwa.

Cheti chenye kiapo

Waya na umeme vilipokuja, mataifa 20 yalikutana Paris, yakapatana tarehe 17 Mei 1865 juu ya simu zao. Katika mapatano hayo waliandika kwamba siri ya habari za watu ni lazima ilindwe.

Halafu Guglielmo Marconi alitengeneza simu bila waya. Alidai kwamba habari zake haziwezi kuingiliwa. Mwezi wa Juni 1903, mjini London, chombo chake kilikuwa karibu kuonyeshwa mbele ya wataalamu. Mara chombo kikaanza kupokea maneno ya dhihaka! Mwingereza Nevil Maskelyne ndiye aliyeyatuma kutoka mahali pa karibu, apate kuonyesha kwamba hewani hakuna ukuta. Marconi na wenzake walikasirika sana, lakini fundisho lilikuwa la kweli.

Mwaka 1906, mjini Berlin, mataifa yalipatana kwamba mtu wa simu bila waya katika meli awe na cheti cha serikali. Ilimpasa kujua kurekebisha vyombo, kutuma na kupokea maneno 20 kwa dakika moja, na kufahamu kanuni. Tena cheti kilipaswa kushuhudia kwamba serikali imemfunga mtu huyo kwa wajibu wa kutunza siri. Angalieni vema: ufundi na uaminifu viliandikwa katika karatasi moja.

Simu bila waya katika Kongo

Hapa kwetu waya za simu zilipata taabu nyingi: miti ilizikalia, tembo waliziangusha. Kwa hiyo, tangu 1911, kwa msaada wa Mfalme Albert I, mtaalamu Robert Goldschmidt aliongoza kazi ya kusimamisha vituo vya simu bila waya. Vilijengwa Boma, Coquilhatville (leo Mbandaka), Stanleyville (leo Kisangani), Kindu, Kongolo, Elisabethville (leo Lubumbashi), na mahali pengine. Huko Laeken, karibu na Bruxelles, palikuwa na kituo kikubwa pamoja na shule ya mafundi. Mwezi wa Agosti 1914 Wabelgiji wenyewe walikiharibu kituo cha Laeken, kisianguke mikononi mwa Wadachi.

Mwaka uleule wa 1911 Mapadri Wasalesiani, wakiongozwa na Padri Joseph Sak, walifika Elisabethville, wakaanza kazi ya shule. Baba yao, Mtakatifu Yohane Bosco, alikuwa ameonyesha njia. Mwaka 1852, mjini Torino, alitia sahihi karatasi ya mapatano kati ya fundi seremala na kijana mmoja mwanafunzi. Fundi aliahidi kumfundisha kijana kazi yake kweli, kumrudi kwa maneno, si kwa mapigo, kumwachia Dominika na sikukuu, na kumpa siku 15 za mapumziko kila mwaka. Kijana naye aliahidi utii na bidii.

Na leo?

Leo fundi anaunganisha kompyuta kwa nyuzi za kioo na kwa minara ya simu za mkononi. Anajifunza kufunga milango isiyotumika katika chombo, kuweka nakala ya maandishi, kumpa kila mtu ufunguo wa kazi yake tu, na kutunza daftari la walioingia. Hayo yote ni ya lazima. Lakini mwizi wa leo anafanya mara nyingi kama akina Blanc: havunji chombo, anamtafuta mtu. Anamdanganya atoe neno lake la siri, ao anamhonga.

Fikirini mjane anayepokea fedha za mtoto wake kwa simu. Simu ikiharibika, anampelekea fundi pamoja na namba yake ya siri. Fundi anaona fedha, barua na picha zake zote. Mjane hana kinga nyingine ila uaminifu wa kijana yule.

Basi, enyi wazazi, mkimpeleka mtoto kujifunza kazi hii, msiulize tu kama shule ina kompyuta nyingi. Ulizeni pia: Nani anawafundisha kutunza siri, na kwa mfano gani? Akijifunza kwa fundi wa mtaani, fanyeni kama Don Bosco: andikeni mapatano, kila upande utie sahihi. Na kati ya masharti, sharti hili lisikose: Mambo ya watu nitakayoyaona katika kazi, sitayasema wala kuyauza.