Simu ya Bahari ya 1879 na Fikra ya Kijiji Kimoja cha Dunia

Wataalamu wa elimu ya jamii wamejadili kwa miaka mingi jinsi vyombo vya mawasiliano vinavyobadili maana ya umbali. Marshall McLuhan wa Kanada, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1962, alisema kwamba vyombo vya umeme vinaufanya ulimwengu kuwa mfano wa kijiji kimoja. Mwaka wa 1989 David Harvey alieleza jinsi ubepari unavyofinya wakati na mahali. Manuel Castells, mwaka wa 1996, aliongeza jambo zito zaidi, kwamba mtandao huwaunganisha wale wenye thamani kwake na kuwaruka wengine. Fikra hizi huzungumzwa kana kwamba zilizaliwa pamoja na kompyuta. Lakini mambo zinayoyaeleza yalionekana katika pwani ya Afrika ya Mashariki tangu mwaka wa 1879, waya wa simu ulipofika Unguja.

Kabla ya hapo habari ilisafiri pamoja na mtu. Majahazi yalikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na barua ilingoja upepo kama alivyongoja nahodha. Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka wa 1869, na meli za moshi zilipunguza safari, lakini hazikulitenga neno na mchukuzi wake. Serikali ya Uingereza ilipotaka kumshurutisha Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa kwa bahari, ilimbidi Bartle Frere aje mwenyewe Unguja mwezi wa Januari 1873. Sultani alikataa, Frere akaondoka, na mapatano hayakutiwa sahihi mpaka tarehe 5 Juni, baada ya kitisho cha manowari. Umbali ulimpa mtawala nafasi ya kufikiri, kushauriana na kukawilisha.

Waya haukuletwa kwa ajili ya Unguja. Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Waingereza lilishindwa na Wazulu huko Isandlwana, na habari hiyo haikufika London mpaka tarehe 11 Februari. Aibu ya kuchelewa huko iliharakisha kazi ya kutandaza waya chini ya bahari kutoka Aden, kupitia Unguja na Msumbiji, hadi Durban. Kabla mwaka haujaisha kazi ilikuwa imekamilika. Waya ulikuwa mali ya kampuni ya Kiingereza, na malipo yalihesabiwa kwa kila neno.

Nguvu ya chombo hicho ilidhihirika mwezi wa Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25, na Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme bila ya idhini ya Waingereza. Balozi Basil Cave alipeleka simu London kuomba ruhusa ya kulipiga jumba kwa mizinga, na jibu la kukubali likafika kesho yake. Asubuhi ya tarehe 27 manowari zilipiga kwa muda wa dakika 40 hivi. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Jambo lililochukua miezi wakati wa Barghash lilimalizika kwa siku mbili. Khalid alikuwa na jumba, askari na mizinga, lakini waya ulikuwa mikononi mwa wapinzani wake.

Wakati huo huo bara ilibaki mbali kama zamani. Askofu James Hannington aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Habari zake zilikwenda kwa miguu wiki nyingi mpaka pwani, ndipo zikapata waya na kufika London mwanzoni mwa mwaka 1886. Katika habari hiyo moja mna nyakati mbili: wakati wa msafara na wakati wa umeme. Kwa kipimo cha simu, London ilikuwa karibu na Unguja kuliko Tabora. Basi kama palikuwa na kijiji, kilikuwa kijiji cha wenye kushika ncha za waya.

Lugha imehifadhi kumbukumbu ya mambo haya. Neno simu, lenye asili ya Kiajemi, maana yake ya kwanza ni waya. Mtandao limetokana na kutanda, na utandawazi huelezwa kuwa ni kutanda kulikounganishwa na uwazi. Sehemu ya kwanza ya neno hilo ni kweli tupu. Sehemu ya pili yataka kuthibitishwa kila mara.

Mwaka wa 2009 waya wa Seacom ulifika Mombasa na Dar es Salaam, na mwaka wa 2010 ukafuata wa EASSy. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika katika bahari ya kusini mwa Afrika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi za jirani. Watu waliodhani kwamba maneno yao hupita hewani walitambua kuwa bado yanapita chini ya bahari, kama yalivyopita mwaka wa 1879. Basi yampasa mwenye kuchunguza utandawazi asiulize tu jinsi dunia ilivyokaribiana. Aulize pia waya umetoka wapi, umemruka nani, na ni nani awezaye kujibu kabla mizinga haijalia.