Kiwanja cha Shabaha na Jirani Yake

Askari hafundishwi vita siku ya vita. Hapana budi ajifunze kushika silaha, kulenga na kupiga wakati wa amani, na kwa ajili hiyo kila taifa lenye jeshi limetenga viwanja vya shabaha. Katika Kenya, viwanja vikubwa vya namna hiyo viko upande wa kaskazini wa Mlima Kenya. Mtu akisimama Timau, penye mashamba ya ngano, na kuupa mlima mgongo, huiona milima ya Lolldaiga kaskazini magharibi yake. Nyuma ya milima hiyo iko Dol Dol, nchi ya Wamaasai wa Mukogodo. Upande wa kuume barabara yateremka hadi Isiolo, kisha yaendelea hadi Archers Post kwa Wasamburu, kando ya Mto Ewaso Nyiro. Mji huo mdogo uliitwa kwa jina la Geoffrey Archer, mtawala wa Kiingereza aliyeweka kituo hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Lolldaiga, Dol Dol na Archers Post zote zimesikia milio ya mazoezi ya majeshi kwa miaka mingi, na yaliyotokea huko yafaa kujulikana na kila mwanafunzi.

Kwanza tuzitazame kanuni za kiwanja cha shabaha, maana kila kanuni ina sababu yake. Kabla ya kupiga, bendera nyekundu hupandishwa ili wapitao wajue kuwa kuna hatari. Mdomo wa bunduki huelekezwa penye shabaha wakati wote, hata kama mwenye bunduki anaamini kuwa haina kitu ndani. Hapana atiaye risasi kabla ya amri, na hapana aendaye mbele mpaka bunduki zote zimetolewa risasi na kukaguliwa. Bunduki ikikataa kulia, askari haigeuzi kuichungulia. Huishika vile vile na kungoja, kwa kuwa pengine baruti yachelewa kuwaka. Nyuma ya shabaha hujengwa tuta refu la udongo la kumeza risasi, na nyuma ya tuta huachwa nchi tupu, maana risasi ya bunduki ya vita yaweza kuruka zaidi ya kilomita 3.

Kanuni hizi ni njema, na zimeokoa maisha ya watu wengi. Walakini zinamlinda hasa mtu aliyepo wakati wa kupiga. Zimetungwa kwa kudhani kwamba silaha ikiisha kulia, hatari nayo imekwisha. Jambo hilo ni kweli kwa risasi. Si kweli kwa kombora la mzinga wala kwa bomu la mkono.

Ndani ya kombora mna kiwashio. Kabla ya kufyatuliwa, kiwashio hicho kimefungwa, ili askari aweze kulibeba kombora bila kudhurika. Msukumo wa kufyatuliwa hukifungua, na tangu hapo kinangoja tu pigo la kuanguka ili kiwake. Lakini kombora likiangukia mchanga laini au matope, au likianguka ubavu, pengine pigo hilo halitoshi. Kombora hulala kimya. Mtu asiyejua hudhani limekufa, kumbe limebakiza pigo moja dogo, na pigo hilo laweza kutoka kwa jiwe la mtoto, kwa kwato za ng'ombe au kwa jembe. Tena halipoi kwa kukaa. Katika Ufaransa na Ubelgiji wakulima wangali wakichimbua makombora ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na hayo yangali yakiweza kuua.

Sasa turudi kwetu. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Katika mwaka uliofuata serikali mbili, ya Kenya na ya Uingereza, zilipatana juu ya mambo ya ulinzi, na majeshi ya Uingereza yakaendelea kuja kufanya mazoezi. Nanyuki, mji ulio jirani na Timau, ukawa makao yao. Jeshi la Kenya nalo lilifanya mazoezi katika viwanja vya kaskazini. Viwanja hivyo havikuzungushiwa ukuta. Vilikuwa malisho ya watu, na watu wenyewe hawakuwa na malisho mengine ya kuhamia. Askari walipomaliza mazoezi yao, walishusha bendera na kwenda zao. Wachungaji wakarudi na ng'ombe na mbuzi wao. Kwa askari, bendera iliyoshushwa ilimaanisha kuwa kazi imekwisha. Kwa mchungaji ilimaanisha kuwa njia ni salama, na hapo ndipo alipodanganyika.

Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Katika nchi hii tembo hawakupigana. Walikuwa wakijifunza tu, na nyasi ziliumia vile vile. Wengi wa walioumia walikuwa watoto, kwa kuwa watoto ndio wachungao mbuzi, na mtoto akiona chuma king'aacho mchangani hukiokota akichezee. Wengine waliuawa. Wengine walipoteza mikono, miguu au macho.

Kwa muda mrefu vilio hivyo havikusikika mbali. Mwishoni, chama cha wenyeji kilichoitwa Osiligi, kilichokuwa Dol Dol, kilishirikiana na mwanasheria wa London, Martyn Day, kuyapeleka mashauri ya watu hao mbele ya Serikali ya Uingereza. Mwezi wa Julai 2002, serikali hiyo ilikubali kulipa paundi milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu 228, walioumia au waliofiwa na jamaa zao. Lilikuwa jambo kubwa kwa wachungaji wa nchi kavu kusikilizwa na serikali iliyo mbali kiasi hicho.

Lakini shauri hilo lina fundisho jingine. Mahali palipotumiwa na majeshi mawili, ni vigumu kujua kombora lililomuua mtoto lilikuwa la nani. Kila mmoja aweza kumtazama mwenzake. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kumlinda jirani ni hesabu: kila kombora lifyatuliwalo liandikwe, na kila mlipuko uandikwe. Hesabu mbili zikitofautiana, kuna kitu kilicholala mchangani, na aliyekifyatua hana ruhusa ya kuondoka mpaka kitafutwe na kuharibiwa na mafundi wa kazi hiyo.

Fedha hazikuimaliza hatari. Mwaka 2015 mvulana mchungaji alilipukiwa karibu na Archers Post, akapoteza mikono yake. Wala hatari ya kiwanja si chuma peke yake. Mwezi wa Machi 2021, wakati wa mazoezi ya jeshi la Uingereza huko Lolldaiga, moto ulizuka ukateketeza nyasi na vichaka katika eneo kubwa, na moshi ukawafikia majirani. Wenyeji walikwenda mahakamani, na mwaka 2025 Serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa. Moto nao hautambui mpaka wa kiwanja.

Huenda msomaji akauliza: je, mazoezi yakomeshwe? Hilo ni swali la mabunge na la raia wote, na watu wenye akili wanatofautiana juu yake. Majeshi huleta kazi na biashara Nanyuki; taifa nalo lahitaji walinzi waliofundishwa. Lakini hata wale wanaotaka mazoezi yaendelee hawawezi kukataa kwamba mwenye kuleta hatari katika nchi ya mwingine ana wajibu wa kuiondoa. Mkulima akichimba shimo njiani hulifunika kabla ya kwenda kulala. Askari naye afanye hivyo.

Kwa upande wetu, wanafunzi, yapo mambo machache ya kushika na kuwafundisha wadogo zetu. Ukiona chuma usichokijua katika malisho, usikiguse, usikirushie jiwe, wala usikiwashie moto karibu. Simama, kisha rudi kwa nyayo zako mwenyewe, maana pale ulipokanyaga umekwisha kujua ni salama. Ukiwa mbali nacho, weka alama itakayoonekana, uwaonye wenzako, na umpelekee habari chifu au polisi. Usione haya kwamba utachekwa ikionekana ni kopo tupu. Afadhali polisi wafike mara kumi kwa ajili ya makopo kuliko wazazi wafike mara moja kuzika.