Je, Sayari Hutii Sheria?

Isaac Newton wa Uingereza alipotangaza kanuni ya mvutano mwaka 1687, wengi walidhani sayari huitii kama raia atiivyo sheria. Uranus ilipoonekana kuiacha njia iliyohesabiwa, Le Verrier wa Ufaransa hakuishuku kanuni. Alipiga hesabu, na mwaka 1846 sayari Neptune ikaonekana karibu na pale alipopataja. Utaridi nayo ilipokengeuka, mwaka 1859 alidhani iko sayari nyingine karibu na jua. Haikuonekana kamwe. Mwaka 1915 Einstein aligeuza kanuni yenyewe, hesabu ikalingana.

Basi, msomaji, raia akivunja sheria huadhibiwa yeye. Sayari ikienda kinyume cha kanuni, kitabu ndicho kisahihishwacho. Kanuni tuandikazo si amri, bali ni maelezo. Kama nyuma yake iko amri ya kweli, wanafalsafa wangali wakibishana.